Kutoka Pinboli Hadi Kamari: Ufundi Uleule, Mchezaji Mwingine

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama hatimaye nimepata kazi Nairobi. Jibu ni kwamba nusura niipate. Nilipewa, nikalala nayo siku tatu, kisha nikaikataa. Leo nataka kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe ni ya kiufundi kuliko mnavyodhani, na haikunijia kwenye mahubiri ya Jumapili. Ilinijia kwenye msimbo niliouandika kwa mkono wangu.

Mambo yalikuwa hivi. Wale mnaonisoma siku nyingi mnakumbuka mchezo wangu wa ajua, yaani bao letu la huku, nilioutengeneza kwa ajili ya simu. Haujaniingizia pesa ya maana. Kinacholipa kodi ya nyumba ni programu za karo za shule na za kuhesabu bidhaa madukani. Lakini kuna kampuni moja inayotengeneza michezo kwa ajili ya tovuti za kamari iliuona mchezo huo, ikaniandikia. Mshahara waliotaja ulikuwa karibu mara tatu ya ninachopata katika mwezi mzuri. Wakanipa kazi ya majaribio ya wiki moja: tengeneza mchezo wa uvuvi. Mchezaji anatupa ndoana ziwani, anasubiri, anavuta. Akipata ngege analipwa kidogo, akipata mbuta analipwa sana.

Niliifurahia kazi hiyo, na sitadanganya. Samaki wangu alikuwa anazunguka ndoana, anaigusa, anarudi nyuma, anaigusa tena. Mbuta alikuwa anatikisa mkia kabla ya kuchomoka. Nililala saa nane za usiku nikirekebisha ule mkia tu.

Kabla ya kufika mwisho wa kisa hiki, twende kwanza Chicago. Huko watu wa fani yangu walikutana na swali hilihili kabla mimi sijaanza shule, na majibu yao yanatuhusu.

PINBOLI NI NINI?

Wengi wetu tumeiona kwenye filamu tu, au kwenye kompyuta za zamani za Windows XP, zile zilizokuwa na mchezo wa mpira wa chuma na anga za juu. Ni meza iliyoinama kidogo, imefunikwa kioo. Unatumbukiza sarafu, unavuta springi, mpira wa chuma unarushwa juu. Unashuka ukigonga nguzo, taa na kengele. Chini kuna vikono viwili unavyoviendesha kwa vitufe vya ubavuni. Kazi yako ni kuuzuia mpira usitumbukie shimoni. Kwa kawaida sarafu moja inakupa mipira mitatu.

Vile vikono havikuwepo tangu mwanzo. Kampuni ya Gottlieb ilitoa Baffle Ball mwaka 1931, na mashine hiyo haikuwa na vikono. Ulirusha mpira, ukautazama, basi. Vikono vilikuja mwaka 1947 kwenye mashine yao ya Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya kumi na tano pinboli ilikuwa karibu na bahati nasibu kuliko mchezo wa ustadi. Baadhi ya mashine za miaka ya 1930 zilikuwa zinalipa fedha taslimu kabisa.

Hapo ndipo undugu ulipoanzia. Kampuni ya Bally ilianzishwa Chicago mwaka 1932 na Raymond Moloney, na mashine yake ya kwanza, Ballyhoo, ilikuwa ya aina hii ya pinboli. Miaka ya 1960 Bally hiyohiyo ilitoa Money Honey, mashine ya kamari iliyotumia mota na umeme badala ya nguvu ya mkono peke yake, na ikawa jina kubwa katika biashara ya kamari. Kiwanda cha pinboli na kiwanda cha kamari vilikuwa chini ya paa moja, na fundi wa solenoidi angeweza kuvuka upande wa pili bila kubadilisha bisibisi.

MEYA NA NYUNDO, WAZIRI NA MOTO

Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipiga pinboli marufuku. Alisema inawaibia watoto sarafu zao za chakula cha mchana na inawatajirisha wahalifu. Polisi walikamata maelfu ya mashine, na meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976.

Sisi wa huku hatuhitaji kwenda New York kuona picha kama hiyo. Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, serikali ya Kenya iliendesha msako wa mashine za kamari zisizo na leseni, zile wengi walizoziita za Kichina. Zilikuwa zimejaa kila mahali: kwenye maduka ya reja reja, kwenye vibanda vya sokoni, pembeni ya vinyozi. Zilikula sarafu za shilingi 20. Watoto waliovaa sare za shule walisimama mbele yake. Maafisa walizibeba, nyingi zikavunjwa na kuchomwa hadharani.

Nilishangilia wakati ule. Leo nashangilia kidogo tu. Mashine ya bati inaweza kuchomwa, lakini mchezo wenyewe haukuwa kwenye bati. Ulikuwa kwenye programu, na programu ilishahamia kwenye simu.

Turudi New York. Marufuku iliondolewaje? Mwandishi kijana aitwaye Roger Sharpe alipelekwa mbele ya madiwani mwaka 1976, akacheza pinboli mbele yao. Alitaja mapema mpira utapita njia gani, akavuta springi, ukapita hapohapo. Madiwani wakakubali kwamba huu ni mchezo wa ustadi.

Naomba mlishike jambo hilo, maana hoja yangu yote inalitegemea. Hakuna mtu anayeweza kufanya alichofanya Sharpe mbele ya mashine ya kamari. Si kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha. Mashine yenyewe haisikilizi.

OKTOBA 1999

Sasa tufike kwenye kuvuka kwenyewe. Miaka ya 1990 kampuni ya Williams ya Chicago ndiyo ilikuwa mfalme wa pinboli. Ilikuwa imeshanunua upande wa pinboli wa Bally mwaka 1988. Mwaka 1992 ilitoa The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor akishirikiana na mwanaprogramu Larry DeMar. Ziliuzwa zaidi ya 20,000, na hakuna pinboli nyingine ya zama za kompyuta iliyoifikia.

Baada ya hapo soko likaanguka. Vijana wakabaki nyumbani na PlayStation. Williams ikawapa wabunifu wake nafasi ya mwisho: vumbueni kitu kipya au tufunge. Wakavumbua Pinball 2000, mashine iliyochanganya mpira halisi wa chuma na picha za video zilizoakisiwa juu ya kioo. Kwa macho ya fundi ni kazi ya kupendeza mno. Mashine mbili tu zilitoka, zote mwaka 1999. Oktoba mwaka huohuo Williams ikafunga idara nzima ya pinboli na kuweka nguvu zake kwenye mashine za kamari. Maelezo yake ni ya kihesabu tu: kamari ilikuwa inaleta faida, pinboli haikuleta.

Watu wakatawanyika. Joe Kaminkow, aliyekuwa ametengeneza pinboli kwa miaka mingi huko Data East na Sega, alihamia IGT, kampuni kubwa ya kamari ya Nevada, akawa miongoni mwa waliojaza kasino kwa mashine zenye majina ya filamu na vipindi vya televisheni. Huo ulikuwa ujuzi wa pinboli moja kwa moja: unachukua hadithi watu wanayoipenda, unaigeuza kuwa taa, sauti na matukio. IGT ilitoa hata mashine ya kamari ya The Addams Family. Jina lilelile na wimbo uleule, ila vikono viwili havipo. Larry DeMar naye alianzisha kampuni yake, akabuni Multi-Strike Poker, mchezo wa karata wa mashine za kasino.

Mwisho wa hadithi unachekesha kwa uchungu. Bally na Williams, mahasimu wawili wakubwa wa pinboli wa Chicago, majina yao yote mawili yaliishia mikononi mwa kampuni moja ya kamari. Scientific Games ilinunua WMS, yaani Williams ya kamari, mwaka 2013, na Bally mwaka 2014. Tangu mwaka 2022 kampuni hiyo inaitwa Light & Wonder.

Sitaki mtu aseme nimewatukana watu hawa. DeMar ni mmoja wa wanaprogramu ninaowaheshimu kuliko wote. Karata za mashine angalau zinampa mchezaji uamuzi wa kufanya: ashike ipi, atupe ipi. Na mtu mwenye watoto, ambaye kiwanda chake kimefungwa, ana haki ya kutafuta mshahara palipo na mshahara. Swali langu ni jingine. Ujuzi ulipovuka, ni nini hasa kilichobadilika?

MSIMBO UNASEMA NINI

Hapa naomba wasio wanaprogramu wanivumilie kidogo, si vigumu. Programu ya pinboli, ukiivua nguo zote, inafanana na hii:

swichi = soma_swichi()
kama swichi ni RAMPU_YA_KUSHOTO: ongeza_alama(5000)
washa_taa_na_kengele()

Mashine inasoma kilichotokea mezani, kisha inakihesabu. Mpira umepita pale kwa sababu wewe uliupiga, au kwa sababu meza imeinama. Programu ni karani tu.

Na hii ndiyo kazi yangu ya majaribio, ule uvuvi wangu:

matokeo = chagua_kwa_nasibu(jedwali)
onyesha_samaki(matokeo)
lipa(matokeo)

Angalieni mpangilio. Uamuzi uko mstari wa kwanza. Mchezaji anapobonyeza tu, programu imeshajua kama atapata mbuta au atatoka mikono mitupu. Yote yanayofuata, ndoana, mawimbi, samaki kuzunguka, ni maigizo. Akivuta upesi au akichelewa, hakibadiliki kitu. Mkia ule nilioukesha usiku kucha ulikuwa unasimulia habari iliyokwisha.

Huu si uzushi wa kampuni ile. Ndivyo mashine za kamari zilivyo tangu hataza ya Inge Telnaes ya mwaka 1984. Kabla yake, gurudumu la mashine lilikuwa na vituo, tuseme 22. Magurudumu matatu yalitoa mipangilio 22 mara 22 mara 22, yaani 10,648. Huwezi kuahidi zawadi ya mamilioni kwa nafasi moja kati ya 10,648 bila kufilisika. Telnaes akasema: acha kompyuta ichague namba kwenye gurudumu la kufikirika lenye vituo vingi zaidi, kisha gurudumu la kweli lizungushwe likasimame mahali palipokwisha kuamuliwa. Ukiwa na vituo 64 vya kufikirika, mipangilio inakuwa 262,144. Jicho linaona alama moja ya zawadi kati ya 22, hesabu inasema moja kati ya 64. Na vituo vya ziada vinaweza kuelekezwa kwenye nafasi tupu zilizo juu na chini ya alama ya zawadi, ili mchezaji aione ikipita chupuchupu mara nyingi kuliko bahati ya kawaida ingemwonyesha.

Nakiri kwamba pinboli nayo haikuwa malaika. Mashine za miaka ya 1990 zilikuwa na bahati nasibu ndogo mwisho wa mchezo: namba inatolewa, ikilingana na tarakimu za mwisho za alama zako unapata mchezo wa bure. Mwenye mashine aliweza kupanga kwenye menyu asilimia ya ushindi. Na kiwango cha alama za kupata mchezo wa bure kiliweza kupandishwa na programu yenyewe wachezaji wakizidi kuwa hodari. Kwa hiyo mbegu ilikuwepo. Tofauti ni kwamba kwenye pinboli mbegu hiyo ilikuwa pambo la mwisho, na kwenye kamari ndiyo mti wote.

KANDEGE

Sasa tuje nyumbani. Hapa Oyugis ukisimama kwenye stendi saa nne asubuhi, barabara hii ya Kisumu kwenda Kisii ikiwa imejaa matatu, utaona vijana wa bodaboda wameinamia simu. Wengi wao hawasomi habari. Wanaangalia kandege kadogo kekundu kanapaa, namba inapanda: 1.20, 1.85, 3.40. Ukibonyeza kabla kandege hakajaruka na kupotea, unalipwa dau lako mara ile namba. Ukichelewa, umepoteza. Mchezo huo ni Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe ya Georgia mwaka 2019, na sasa unaigwa na wengi.

Binamu yangu anaucheza. Ana pikipiki ya mkopo, na mwaka jana aliniomba pesa ya kulipia mkopo wa mwezi. Nikampa. Mwezi uliofuata akaomba tena. Nikamuuliza, akanieleza bila kuficha, kwa sababu kwake halikuwa jambo la aibu. Lilikuwa jambo la mafunzo. "Omera, naanza kukaelewa," aliniambia. "Asubuhi kanaruka chini, mchana kanapanda. Jana nilitoka kwenye nne, kakafika kumi. Ningengoja kidogo tu."

Naomba tufanye hesabu. Mchezo wa aina hii ukitangaza kwamba unarudisha asilimia 97, maana yake ni hii: uwezekano wa kandege kufika namba fulani ni takriban 0.97 kugawanya kwa namba hiyo. Ukipanga kutoka kwenye 2, utafanikiwa mara 48.5 katika 100, na wastani wako ni 0.485 mara 2, yaani senti 97 kwa kila shilingi. Ukipanga kutoka kwenye 10, utafanikiwa mara 9.7 katika 100, na wastani ni 0.097 mara 10: senti 97 tena. Popote utakapotoka, ni senti 97. Kitufe kile cha kuamua, ambacho binamu yangu anakifanyia utafiti kila asubuhi, hakibadilishi wastani hata kidogo. Kinabadilisha hisia tu.

Asilimia tatu inaonekana ndogo. Tuseme raundi ni nne kwa dakika na dau ni shilingi 20. Kwa saa moja ni raundi 240, pesa iliyozungushwa ni shilingi 4,800, na hasara ya wastani ni shilingi 144. Ongeza dau hadi shilingi 100, hasara ya wastani inakuwa shilingi 720 kwa saa. Na huo ni wastani. Siku mbaya ni mbaya zaidi, na siku nzuri ndiyo inayomrudisha kesho.

Kwa uaminifu wa kiufundi niongeze kwamba mchezo huo hauibi. Unatumia mbinu ya kuchanganya namba za seva na za wachezaji ili mtu yeyote aweze kuhakiki baadaye kwamba matokeo hayakubadilishwa katikati. Nimeisoma, inafanya kazi. Lakini kuhakikishiwa kwamba unapoteza kwa haki si sawa na kupewa nafasi ya kujifunza.

MTIHANI WANGU

Kutokana na haya yote nimejitengenezea mtihani mmoja, na ndio ninaoupendekeza kwenu mnaomaliza shahada ya kompyuta na kutafuta kazi. Usiulize, "Je, kuna bahati ndani yake?" Bahati iko kila mahali, hata kwenye ludo, hata kwenye kandanda. Uliza hivi: mtu aliyecheza mwaka mzima kwa bidii, je, shilingi yake inamnunulia zaidi kuliko ya mgeni?

Kwenye pinboli jibu ni ndiyo. Hodari anacheza nusu saa kwa sarafu moja, mgeni anamaliza dakika mbili. Kwenye ajua jibu ni ndiyo, muulize mzee yeyote chini ya mwembe. Kwenye kandege na kwenye uvuvi wangu jibu ni hapana, na programu imeandikwa ili mchezaji aamini ni ndiyo. Hapo ndipo ninapoona dhambi ya fani yetu. Mimi sikuandika bahati. Niliandika mkia wa samaki unaomdanganya mtu kwamba anajifunza kuvua.

Binamu yangu si mjinga. Ana akili ileile inayomfanya ajue kila shimo la barabara ya kwenda Kosele usiku bila taa. Akili ya kutafuta mpangilio. Michezo mizuri inailisha akili hiyo. Hii nyingine inaikamua.

Najua mtaniuliza maswali, na nimeshayasikia kwa marafiki.

La kwanza: usipotengeneza wewe, atatengeneza Mgeorgia au Mchina. Kweli kabisa. Lakini hoja hiyo ingenifaa pia kuuza dawa feki. Na kuna jambo moja ambalo mgeni hana: hajui ngege na mbuta. Waliniita kwa sababu ninajua kitakachomgusa mtu wa huku. Walikuwa wananunua ufahamu wangu wa jirani zangu.

La pili: sheria inaruhusu. Ndiyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 iliyoandikwa kabla simu za mkononi hazijafikiriwa. Ni hatua nzuri. Lakini sheria huangalia leseni, kodi na umri wa miaka 18. Binamu yangu ana miaka 26. Ningependa siku moja sheria iangalie pia maigizo: ilazimishe mchezo ambao kitufe chake hakina athari kwenye wastani uandike hivyo palepale kwenye skrini, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili. Haitakuwa mara ya kwanza kwa wadhibiti kugusa mambo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Nevada yenyewe, makao makuu ya kamari, iliikataza kampuni moja kuprogramu mashine zake zioneshe kukosa chupuchupu kwa makusudi.

La tatu ndilo gumu: ni rahisi kukataa ukiwa huna mtoto. Hilo sina jibu lake. Nina miaka ishirini na minane, nakaa chumba kimoja, na nikiumwa mama yangu ananiletea uji. Fundi wa Williams aliyefungiwa idara Oktoba 1999 akiwa na mkopo wa nyumba alikuwa na mizani nyingine. Ndiyo maana sisemi kwamba waliovuka ni watu wabaya. Nasema tu wajue walichobeba walipovuka, na walichoacha nyuma.

WALIOBAKI

Kitu kimoja kinanipa moyo. Williams ilipofunga, watu wengi waliandika kwamba pinboli imekufa. Gary Stern alikuwa amenunua biashara ya pinboli ya Sega mwaka huohuo wa 1999, na kwa miaka mingi kiwanda chake ndicho pekee kikubwa kilichobaki duniani. Mwaka 2011 ikaanzishwa Jersey Jack Pinball, na Pat Lawlor akaenda kubuni mashine kwao. George Gomez, mmoja wa wavumbuzi wa Pinball 2000, yuko Stern. Kwa hiyo njia haikuwa ya upande mmoja tu. Baadhi walingoja, wakafanya vibarua, na ufundi wao ukapata pa kukaa.

Hata hapa Kenya tuna waliochagua njia hiyo ndefu. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati wengi wetu tulikuwa tunashangaa simu zenye rangi, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts mwaka 2009. Hakuna aliyemwahidi utajiri.

Kuhusu mimi, niliwaandikia wale jamaa barua fupi ya heshima. Walinijibu kwa heshima pia, wakasema mlango uko wazi. Ule msimbo wa uvuvi niliutuma kama tulivyokubaliana, ni wao. Lakini wazo la uvuvi ni langu, na nimeanza kuuandika upya tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Safari hii mstari wa kwanza unasoma kidole cha mchezaji. Ukivuta upesi, samaki anakimbia. Ukichelewa, anakula chambo. Kuna upepo, na ukiuangalia majani kabla ya kutupa unaweza kuujua.

Wiki iliyopita nilimpa binamu yangu ajaribu, tumekaa kwenye kiti cha pikipiki yake tukingoja abiria. Alikosa mara tisa. Mara ya kumi akapata ngege mdogo, akapiga kelele hadi wenzake wakaja kuangalia. Kisha akaniuliza analipwa shilingi ngapi. Nikamwambia hakuna malipo. Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa, akanirudishia simu. Baada ya dakika kama tano akasema, "Lete tena. Yule mkubwa nimeona anakuja upande gani."

Sijui kama mchezo huo utanilipia kodi. Mkopo wa pikipiki bado uko palepale, na kandege bado kako kwenye simu yake. Lakini safari hii alichoona kilikuwa kweli: samaki mkubwa anakuja upande ule.

Tuonane makala ijayo, nitaeleza jinsi nilivyoupata upepo huo kwa mistari kumi na miwili tu. Walio kwenye kampuni za kamari na wana maoni tofauti, karibuni, andikeni. Nitawajibu bila matusi.